Mtungi wa Justus

Watu walikuwa wakishuka feri upande wa Likoni, kila mmoja na haraka yake, mvua ilipowaangukia bila hodi. Jumwa alikuwa na furushi la batiki mbichi alizotia rangi asubuhi. Mbele yake alitembea kijana mrefu mwenye shati jeupe, jeupe la kutafutia ugomvi. Jumwa akasukumwa, furushi likamlalia kijana mgongoni, na shati likawa samawati.

"Niwie radhi kakangu. Rangi haijashika."

Mwingine angetukana. Huyu alivuta kola akainusa. "Na ile isiyoshika huenda wapi?"

"Mferejini, kisha baharini. Kwani wewe ni askari wa rangi?"

Alikuwa Justus, mtu wa bara, fundi wa maabara huko Changamwe. Tangu hapo kila Jumapili alikuwa Mtongwe kwenye karakana ya Jumwa, akichota maji machafu kwa chupa kana kwamba ni asali. Jumwa alimcheka, na akampenda sana.

Kisha akaja afisa wa mazingira: rangi ikionekana tena ufuoni, karakana itafungwa. Jumwa akashika simu.

"Justus, maji yangu ulikuwa ukimpelekea nani?"

"Nisikilize kwanza, laazizi."

"Laazizi wako ni chupa zako. Usinipigie tena."

Alilia, kwa kuwa karakana ndiyo maisha yake, na Justus alikwisha kuwa nusu yake nyingine.

Jumamosi Justus akatokea nyumbani kwa kina Jumwa na mtungi begani, umezibwa kwa jani la mgomba. Maskini, hakujua mila. Kwa Wagiriama, kijana akileta mtungi nyumbani penye binti, huo ni mnazi, tembo la posa, na haunywewi mpaka binti aulizwe; akisema mnywe, amemkubali. Mzee Nguma, babake Jumwa, akaagiza viti na kata. Jumwa akaitwa.

"Mwanangu, tunywe?"

"Msinywe, mzee!" Justus akaruka. "Ni maji ya mfereji wenu."

Hajawahi kuonekana mposaji wa namna hiyo.

Justus akatoa mfukoni kipande kama sponji, samawati tupu. "Hii ni plastiki yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, rangi hunasa humo. Ukiiosha kwa spiriti, inarudi kazini. Tukiiweka mferejini, Jumwa, afisa hatakuwa na la kusema."

Jumwa akamimina maji ya mtungi kidogo kiganjani. Aliona mistari yote ya mkono wake.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa ukichota maji? Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ikishindwa utanicheka."

"Ningekucheka, ndiyo." Macho yake yalikuwa yamelowa. Ndipo akaona Justus amevaa lile shati la siku ya feri, doa halijatoka.

Mzee Nguma akakohoa. "Kijana, viti nimekwisha kutoa. Kesho ukileta wa kunyweka..." Akamgeukia bintiye. "Tunywe?"

Jumwa akafuta kiganja kwenye doa lile la samawati.

"Mnywe, baba."