Kishingo wa Lusiana

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Lusiana alifungua banda la kuku. Zamani walitoka wakisukumana. Mwaka huo wa 2003, baada ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kupita tena kijijini Lionja, alitoka mtetea mmoja tu: mzee, hatagi tena, kishingo, yaani shingo haina manyoya, miguu mirefu kama ya kuchi, wale kuku warefu wa kupigana.

Kuchi mweupe wa kwanza aliletwa na mama yake Lusiana alipoolewa. Sasa mama ni marehemu. Basi darasani, Mwalimu Agapiti alipowaambia wanafunzi wachore mti wa ukoo wa mfugo wa nyumbani, Lusiana alichora mstari mmoja ulionyooka: kuchi wa mama, binti yake, mjukuu wake.

"Wee Lusiana, acha kutupiga fiksi!" Rashidy, aliyekaa naye dawati moja, alicheka. "Kuchi gani huyo mwenye kishingo? Si mliwapeleka kuku wenu kwa mama yako mdogo kule Likunja, kideri cha kwanza kilipoingia? Wakarudi na vifaranga wa majogoo wa huko!"

Lusiana alifunika daftari kwa viganja. "Ni kweli, mwalimu. Likunja nimeifuta. Nilitaka awe wa mama tu."

Mwalimu Agapiti akainama karibu naye. "Miguu inamtaja kuchi wa mama. Shingo inamtaja jogoo wa Likunja. Kifaranga hupokea vipande vya urithi kwa baba na kwa mama, na kila kizazi huvichanganya upya. Hata wataalamu wa ndege wa porini hukwama hapo. Wakifuata kipande hiki, wanapata mti huu. Wakifuata kingine, mti mwingine. Matawi yaliyoachana hukutana tena."

"Kwa hiyo kuchi wa mama amebaki kiasi gani ndani yake?"

"Sijui, mwanangu. Kwa macho tu, hatutajua."

Lusiana akaanza kulia.

"Kideri cha kwanza kilipoua kuku wote wa hapa, wa mama walipona wapi?" mwalimu alimuuliza.

"Likunja."

"Umeona? Ulifuta mahali palipowaokoa. Andika ulichokiona. Usichokijua, weka alama ya kuuliza. Ukweli wenye mapengo ni bora kuliko uongo ulionyooka."

Lusiana akachora upya. Tawi la Likunja likaingia kwenye tawi la mama, na pale yalipokutana akaweka alama ya kuuliza. Chini yake akamchora mtetea wake. Chini ya mtetea hakukuwa na wa kuchora.