Bendera ya Ardit

Kila asubuhi nikienda shule hupita kando ya sanamu ya Aleksanda Mkuu, mfalme aliyezaliwa hapa kwetu Pela, Ugiriki, akateka nchi hadi India. Nilikuwa na desturi ya kumwamkia, "Shikamoo, babu!" Niliamini kabisa kwamba mimi ni damu yake.

Mwezi wa Oktoba, Mwalimu Kleoniki alichezesha kura ya majina kuchagua mwanafunzi wa kubeba bendera kwenye gwaride la sikukuu ya taifa. Likatoka jina la Ardit, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Albania. Mimi bendera ile nimeitamani tangu darasa la kwanza. Wivu ukanipanda.

"Bendera yetu abebe huyu?" nikapaza sauti. "Aleksanda si babu yako wewe! Rudini kwenu!"

Watoto wakacheka. Ardit akainamisha kichwa. "Basi beba wewe," akasema. Kesho yake hakuja shule.

Jioni hiyo nyumbani nilimsimulia Bibi Parthena huku nikijisifu. Alikuwa anasukuma unga wa pai ya jibini. Akaacha.

"Evanthia, mama yangu alifika hapa kwa meli, Mgiriki mkimbizi kutoka Uturuki, mtoto wa miaka saba. Unajua watoto wa hapa walimwitaje? 'Mbegu ya Waturuki! Rudini kwenu!' Maneno yako hayo hayo. Alizeeka nayo."

"Kwani sisi si damu ya Aleksanda, Bibi?"

"Damu gani! Huyo Aleksanda ndiye aliyekulea?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimemtukana Ardit, na pamoja naye mama wa bibi yangu mwenyewe.

Asubuhi niliipita sanamu bila kuiamkia, nikaenda kwa kina Ardit. Mama yake alipofungua mlango nilishindwa kumtazama usoni. Ardit akatokea nyuma yake.

"Ardit, nisamehe. Nilikuonea wivu tu. Nitasema hivyo darasani."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

Nikasimama mbele ya darasa, nikasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya gwaride Ardit aliibeba bendera, mimi nikiwa mstari wa nyuma yake. Tulipomaliza, Bibi alimkumbatia yeye kwanza, machozi yakimtoka. Kisha akanigeukia.

"Sifa za mababu ni zao, mjukuu wangu, walizifanyia kazi wenyewe. Wewe utahesabiwa kwa jinsi unavyomtendea aliye mbele yako. Ulikosa, kisha ukatengeneza. Haya, twendeni nyote wawili mkale pai."