Mshambuliaji Aliyelala Njaa

Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza nilipokwenda stoo ya klabu kuchukua jezi za mechi ya kesho. Shughuli ya dakika moja tu. Nikafungua mlango, na harufu ya samaki wa chumvi ikanipiga puani.

Mtungi wa samaki tuliouweka kwa ajili ya kusherehekea tukishinda ulikuwa umelala sakafuni, umevunjika. Nyuma ya mfuko wa mipira kitu kikatikisika. Paka tena! Wiki nzima ananifanyia hivyo, na siku hiyo subira yangu ilikuwa imekwisha. Nikanyakua jezi, nikaokota kiatu kimoja cha njumu, nikamrushia. Kikampata. Akalia... mlio mfupi, kama wa mtoto aliyefinywa. Nikaubamiza mlango na kutia kufuli.

"Lala humohumo, mwizi we!"

Hasira zile hazikuwa za samaki. Mimi ndiye kocha wa timu ya mji wetu, mji wa miwa huku Saidi, kusini mwa Misri, na nilikuwa nimecheza kamari. Nilimtoa Rifai, mfungaji wetu tegemeo, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, nikabadilishana na timu ya Naga Rayan. Wao wakanipa Bastawi. Kijana mdogo, hajawahi kumaliza hata mechi moja ya ligi. Nilimwona mara moja tu, kwenye kiwanja cha vumbi kando ya reli ya miwa. Alikimbia bila kishindo. Aliruka juu ya mabeki na kushuka bila vumbi kutimka. Nikampenda palepale, na mtu aliyependa haambiliki.

Mechi zikapita, bao hakuna. Mazoezini ni moto, siku ya mechi anapiga miayo. Mkahawani, ambako kocha huitwa Kepteni, wakanigeuza kichekesho. "Kepteni Mahrus! Yule mbuzi wa kwenye gunia umeshamfungua?" Dada yangu Nagat hakutania. Alisimama mlangoni kwangu akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao, kaka. Na wewe umeacha damu yako." Tangu siku hiyo alikuwa hajanipa hata salamu. Sasa zilibaki mechi mbili za kuinusuru timu isishuke daraja: kesho nyumbani, Ijumaa ugenini. Tukishuka, mimi basi tena, na Rifai nitakuwa nimemtoa bure.

Nilidhani tatizo ni uzito. Wiki hiyo nikamkataza Bastawi chakula cha jioni, awe analala mapema. Mama yake alikuwa amenionya siku ile aliponikabidhi kijana.

"Ni pacha huyu, Kepteni. Walipozaliwa sikupata maziwa ya ngamia ya kuwaonjesha. Nakuomba, usimlaze na njaa."

Mtu wa Saidi haelezwi zaidi ya hapo. Pacha akilala na njaa, roho yake hutoka na kutembea katika umbo la paka, ikitafuta chochote cha kula. Asipoonjeshwa maziwa ya ngamia tangu kuzaliwa, hana cha kuizuia. Hadithi hizo bibi yangu alinilisha pamoja na uji. Lakini mimi nilishasoma ukocha Kairo! Nikamjibu yule mama, "Ondoa shaka," na moyoni nikacheka.

Giza lilipoingia nikaenda kumwamsha Bastawi kwa ajili ya kikao cha timu. Analala kwenye chumba kilicho chini ya jukwaa. Nikabisha.

Nikabisha tena.

Nikaingia, nikamtikisa bega. Baridi. Anapumua, lakini pumzi ndogo... ndogo sana... Nikawasha taa. Shavuni, pale palipokuwa safi adhuhuri, palikuwa na alama nyekundu zilizovimba. Vidoa vya duara, vimejipanga.

Alama za njumu.

Nilimpigia mama yake simu palepale. "Mama Bastawi... kijana haamki."

Hakulia. Alinong'ona tu. "Kuna mlango umeufunga leo?"

"Stoo."

"Kafungue! Pacha mwenzake, Tawab, nilimpoteza hivyohivyo. Jirani alimfungia dukani kwake bila kujua, akasafiri. Mtoto hakuamka, tukamzika. Jirani aliporudi na kufungua, paka akatoka, akaizunguka nyumba yetu usiku kucha, hana pa kuingia. Na mpaka leo anamfuata ndugu yake kila aendako. Kimbia, Kepteni!"

Nilikimbia. Kufuli likagoma. Nikalitukana, nikaliomba, likafunguka. Nikausukuma mlango.

Macho.

Jozi mbili.

Paka wawili, rangi moja ya mchanga, wamekaa bega kwa bega, wananitazama bila kupepesa. Kisha mmoja akaruka. Akapita katikati ya miguu yangu na ubaridi uliopenya mpaka kwenye mifupa. Nikapiga yowe, nikaubamiza mlango kabla wa pili hajanifikia. Kwa nini niliufunga, mpaka leo sijui. Hofu haina kocha.

Nilipofika chumbani, Bastawi alikuwa ameketi kitandani akiitazama mikono yake. Anaigeuza... kiganja, mgongo, kiganja.

"Nina njaa," akasema.

Nilimletea mkate, maharage na mayai, akala kama mtu aliyefunga Kwaresima na Ramadhani kwa pamoja. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka. Na yule paka wa pili? Nikajiambia ni paka wa mtaani tu, atajijua. Lakini asubuhi, nilipopita mbele ya stoo, nilipita upande wa pili wa njia.

Mechi ilianza jua likiwa kali. Kabla mashabiki hawajakaa sawasawa, Bastawi alishapachika la kwanza. Kabla ya mapumziko, la pili. La tatu aliwapita mabeki kana kwamba wamepandwa pale, akampiga kipa chenga, akausindikiza mpira wavuni taratibu. Watu walivamia uwanja. Wale wa mkahawani walinibeba juujuu. "Kepteni, tusamehe! Kumbe kwenye gunia kulikuwa na farasi!" Nikiwa huko juu nilimwona Nagat jukwaani, anapiga vigelegele na kulia, na akanipungia mkono. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi mno. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanikera moyoni. Yote matatu aliyafunga kwa mguu wa kushoto, na Bastawi wangu mguu wa kushoto alikuwa akiutumia kusimamia tu.

Mama yake alikuwa amefika kutoka kijijini. Alisimama pembeni ya uwanja, shela jeusi limeshuka mabegani bila yeye kujua. Kijana akamwendea, akamnong'oneza neno. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamtazama tena... kisha akaketi palepale chini. Nikamkimbilia.

"Amekua," alisema. "Tazama alivyokua, Kepteni..."

"Mama, si ulimwona mwezi uliopita tu?"

"Yule alikuwa Bastawi. Huyu ni Tawab. Ndiye aliyekuwa wa mguu wa kushoto. Na ameniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita."

Nikageuka kumwangalia. Wenzake walikuwa wanampiga mapajani na kumtania, naye ameuinua uso juani, macho amefumba, anavuta hewa kama mtu aliyetoka kifungoni siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo Bastawi yuko..."

Sote wawili tuliangalia upande wa stoo.

Nilikwenda huko jioni, ufunguo mkononi. Nilikuwa nimeamua. Wallahi nilikuwa nimeamua! Lakini nilimkuta mama yao amekaa kizingitini, mgongo ameuegemeza mlangoni, anamega mkate na kusukuma vipande kwenye upenyo wa chini. Kila kipande kilivutwa ndani upesi.

"Ukifungua, ataurudia mwili wake," alisema bila kunitazama. "Na huyu mwingine ataenda wapi?"

"Mama, aliyemo humu ni mwanao."

"Wote wanangu!" Akafuta uso kwa ncha ya shela. "Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwachia chakula nje ya mlango, naye haniruhusu hata kumgusa. Leo nimemshika. Niachie kidogo, Kepteni. Kidogo tu. Huyu namlisha mwenyewe, hatakufa."

Nilikuwa na neno la kumjibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mechi ya pili ni lini?"

"Ijumaa."

"Basi tungoje Ijumaa."

Hatukutazamana. Nyuma yake kucha zilikwaruza ubao. Mara moja... mara mbili... kisha zikatulia, kana kwamba aliyeko ndani ananisikiliza nitasema nini.

Nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikaenda kupanga kikosi.