Kitufe cha Ndiyo

Swali lilikaa katikati ya kioo cha kompyuta: "Dokta wangu, kabla hujaanza kuhesabu dawa, utakubali nikuoe?" Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Ndiyo, kingine Bado nafikiria.

Muuza dawa alisoma akatabasamu. Aliposoma tena, akavuta kiti akakaa. Hakuna aliyemwita Dokta isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo waliachana mwaka jana bila ugomvi, bila hata kuagana.

Swali hilo lilitoka kwenye programu ya kuhesabu dawa, iliyokuwa kwenye flashi aliyopewa mwaka jana na mtu huyohuyo, Mtaalamu, mwandishi wa programu za maduka. "Hii nimekutengenezea wewe peke yako," alimwambia. "Ukiifungua tu, nipigie."

Alijaribu mchana uleule. Lakini kompyuta ya duka ilikuwa ya shangazi yake, na shangazi hatupi kitu maadamu bado kinawaka. Mashine ilinguruma, ikafikiri weee, halafu ikaleta maneno kwamba kuna programu nyingine inayotakiwa iwepo kwanza, na humu haimo. Akajaribu tena na tena, mambo yaleyale.

Angempigia akasema hivyo, yangekwisha. Tatizo ni kwamba juzi yake tu Mtaalamu alikuwa kaunta, ameweka simu sauti kubwa, akimsikiliza mteja anayelalamika kuwa programu imemgomea. Alipokata alicheka hadi machozi. "Kuna watu ukiwapa kijiko watakuuliza kinawashiwa wapi," alisema. Muuza dawa naye alicheka, tena kwa nguvu, asije akaonekana ni wa kundi hilo.

Kwa hiyo jioni simu ilipoita, alidanganya.

"Umeifungua?"

"Nimeifungua. Nzuri sana."

"Umeona yote?"

"Yote."

Nyuma ya sauti ya Mtaalamu magari yalisikika yakipita.

"Na huna la kuniambia?"

"Niseme nini tena? Asante. Shangazi ataipenda."

Baadaye ikaingia meseji: "Sawa. Nimekuelewa."

Tangu hapo simu zikapungua, kisha Mtaalamu akahamia mji mwingine kikazi. Muuza dawa akaamini amepata mwingine. Akajikaza kisabuni, akaapa habembelezi mwanamume. Alikuwa akilia chooni wateja wakiwa wamejaa, kisha ananawa uso na kutoka kuwauzia dawa za kikohozi.

Leo asubuhi kompyuta ya shangazi ilizimika moja kwa moja. Fundi akaleta nyingine aliyoijaza kila kitu, akasema hii haitagomea chochote. Ndipo muuza dawa alipoikumbuka flashi, imelala kwenye droo chini ya plasta.

Namba ya Mtaalamu alikuwa ameifuta kwenye simu, si kichwani. Akapiga.

"Ni mimi," alisema.

"Dokta," Mtaalamu alisema. "Habari za siku nyingi."

"Ile programu yako imefunguka leo."

"Leo? Si ulisema umeona yote?"

"Nilikudanganya. Ilikuwa inadai programu nyingine ambayo sina. Nikaogopa utanicheka kama ulivyomcheka yule mteja."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Niliijaribu kwenye mashine yangu tu," Mtaalamu alisema taratibu. "Hicho inachokidai mimi ninacho miaka yote, mpaka nikasahau kuna mtu anaweza asiwe nacho. Ningekiweka mlemle kwenye flashi. Ni kazi ndogo kabisa."

"Na mimi ningesema tu kwamba haifunguki."

"Ningekuja mwenyewe nika..."

Hakumaliza. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikimuuliza, kwa upole, anaongea na nani. Mtaalamu alisogeza simu pembeni, lakini si mbali vya kutosha.

"Mke wangu, ni mteja wangu wa zamani tu. Programu ilimgomea."

Muuza dawa alifumba macho. Alitafuta wa kumchukia asimpate. Hata huyo mwanamke alikuwa na sauti nzuri, ya mtu asiyemkosea yeyote.

"Umeoa," alisema.

"Si muda mrefu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Nilidhani umesoma ukaamua kuninyamazia ili usiniaibishe."

"Nikibonyeza Ndiyo, kunatokea nini?"

"Usibonyeze."

"Niambie."

"Ifute, nakuomba. Nitakutumia nyingine ya dawa tupu, inayofunguka kwenye kompyuta yoyote."

"Haya. Msalimie mkeo."

Alikata simu, akabaki akivitazama vile vitufe viwili. Kisha akabonyeza Ndiyo.

Kioo kikawa cheupe, maneno yakaja.

"Sikukuuliza ana kwa ana kwa sababu naogopa uso wako ukikataa. Sasa nipigie. Nimesimama ng'ambo ya barabara, nakuona hapo kaunta."

Aliyakumbuka yale magari aliyoyasikia kwenye simu jioni ile. Alijua hakuna mtu, lakini aligeuka akaangalia. Ng'ambo, fundi viatu alikuwa akigonga kisigino.

Maneno yalipofutika programu ikafunguka vizuri kabisa, ikamtaka aandike jina la dawa ya kwanza. Mama mmoja aliyembeba mtoto alikuwa amefika kaunta, akauliza kama dawa ya homa ipo.

"Ipo," muuza dawa alisema, akanyanyuka kwenda kuileta.