Kibao cha Upande wa Pili

Katika mashua ya kina Hetty kila mtu alikuwa na kazi yake. Baba yake, Amos, alishika usukani na kulisha jiko makaa. Hetty, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alipiga deki, akamwagilia vyungu vya maua vilivyokaa juu ya paa, na kila walipofika penye chumba cha maji aliruka ukingoni, hendeli yake ya chuma kiunoni.

Chumba cha maji ni ngazi ya mashua. Unaingia, unafunga lango la nyuma, kisha unazungusha hendeli kuinua vibao vinavyoziba matundu ya lango la mbele. Maji yanajaa, mashua inapanda. Ukishatoka, unafunga lango na kushusha vibao vyote viwili, cha upande huu na cha upande wa pili. Ukisahau kimoja, mfereji wa juu huvuja kimya kimya, kupitia nyufa za lango la nyuma, hadi ukauke. Kwa watu wa mfereji, wanaoishi ndani ya mashua zao, hilo ni kosa kubwa kuliko kugonga mashua ya mtu.

Ndiyo maana Amos hakuchoka kuuliza, "Vibao chini?"

Na Hetty hakuchoka kujibu, "Chini!"

Jioni ile walipanda chumba cha mwisho kabla ya Thornley, walikopanga kulala. Hetty alikuwa ameshusha kibao cha upande wake aliposikia jina lake likiitwa. Alikuwa Marnie, rafiki yake, anakuja mbio kando ya mfereji, nywele zimemtimka.

"We konokono! Nilidhani mtafika mwakani!"

"Konokono mwenyewe! Injini ya Baba inakohoa kuliko babu yako!"

"Vibao chini?" Amos aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Chini!" Hetty alijibu bila kugeuka, huku amemkumbatia Marnie.

Kesho yake Marnie angetimiza miaka kumi na miwili. Watu wa mfereji wana desturi yao: siku ya kuzaliwa ya mtoto inapofika, mashua ya kwao haiwashwi injini. Marafiki huivuta kwa kamba kutoka ukingoni hadi kwenye maji mapana, mfereji unapotanuka, na kila mashua inayopitwa hupiga honi. Marnie hakuwahi kuvutwa hata mara moja. Bibi yake, Nell, ndiye aliyemlea, na bibi huyo alipenda kutangatanga peke yake. Kila mwaka siku hiyo iliwakuta wawili tu, wametia nanga karibu na ng'ombe wa watu. Sasa magoti ya Bibi Nell yalikuwa yamekataa kazi, na kabla ya baridi wangehamia kwenye nyumba ya nchi kavu. Ilikuwa kesho au basi tena.

Asubuhi Hetty aliamka amebanwa ukutani. Kitanda kilikuwa kimelala upande, na vikombe vilikuwa vimeteleza hadi sakafuni. Alichungulia dirishani akaona matope pale palipokuwa na maji. Mashua zote tano zilizolala pale zilikuwa zimeinama, nyingine huku, nyingine kule, kama walevi waliotoka harusini.

Watu walitoka mmoja mmoja na kusimama ukingoni. Ungefanya nini? Mashua ya chuma ya tani kumi na tano haisukumwi kwenye tope, hata mkusanyike kijiji kizima. Bibi Nell hakuweza kutoka kabisa, maana mlango wake ulikuwa umeelekea juu na magoti yake hayakupanda. Marnie alikuwa amesimama nje, bado amevaa nguo za kulalia.

"Keki imeangukia kwenye ndoo ya makaa," alimwambia Hetty kwa sauti ndogo. "Bibi anaila hivyo hivyo, anasema ni tamu. Anajikaza tu."

Mzee Clem, mwenye mashua ya kijani, alikuja kutoka kwenye chumba cha maji akitweta. "Kibao kimoja cha lango la mbele kilikuwa wazi! Cha upande wa pili! Usiku kucha maji yametiririka!" Kisha akageuka kuitazama mashua nyekundu iliyofungwa mwisho wa mstari. "Na nyote mnajua ni nani. Watalii! Wanakodi mashua Jumamosi, Jumapili wanajiita manahodha!"

Hetty alijaribu kukumbuka alivyovuka lango kwenda kushusha kibao cha pili, akakuta hakuna cha kukumbuka, kwa sababu hakuvuka.

Mwenye mashua nyekundu, Bwana Peake, alisogea akiwa amemshika mkono mwanawe mdogo. "Jana nilikwenda pale kumwonyesha mtoto," alisema. "Nilifungua kibao kimoja, nikakifunga. Nadhani nilikifunga. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushika hendeli. Kama ni mimi... jamani, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu," Clem alimkata. "Maji hayarudi kwa maneno."

"Si sisi," Amos alisema. "Hetty alishusha vyote. Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu."

Hetty alitamani tope lile limmeze. Kama baba yake angemshuku, ingekuwa afadhali. Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Amos na mwanamume mwingine walikwenda juu kuteremsha maji kutoka vyumba vya maji vya huko. Kazi hiyo haina haraka: ukiachia mengi kwa mpigo, unawakausha na wenzako wa huko. Waliobaki walikaa. Saa zilipita, na maji yaliyokuja yalikuwa utepe mwembamba katikati ya tope. Marnie alikuwa ameketi juu ya kamba ya kuvutia aliyoikunja tangu juzi, na Hetty kando yake. Hakuna alichoweza kufanya kuongeza hata kikombe.

Kisha Bwana Peake akaja tena, safari hii na sanduku. Ndani mlikuwa na mayai, soseji, siagi, na chakula chao chote cha juma zima. Aliliweka mbele ya Marnie.

"Mwanangu, najua halilingani na nilichokuharibia," alisema. "Tukipata maji tu tutarudisha mashua na kwenda nyumbani. Hatufai huku."

Mtoto wake alianza kulia. "Baba, ulikifunga. Mimi nilikuona."

Hapo Hetty hakuweza tena. Alisimama.

"Alikifunga," alisema. "Ni mimi. Nilishusha kimoja tu, Baba akaniuliza nikasema vyote. Sikutazama hata."

Clem alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Amos, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka juu na buti zimejaa tope, alimgeukia binti yake.

"Na asubuhi nikakutetea mbele za watu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Amos alimwendea Bwana Peake, akampa mkono na kumwomba radhi. Clem naye aliomba, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Marnie alichukua kamba yake akaingia ndani bila kumtazama Hetty. Hetty alilia peke yake nyuma ya mashua yao, na hakuna aliyekwenda kumbembeleza.

Jua lilikuwa limeanza kushuka mashua zilipoguna, zikajinyoosha moja baada ya nyingine. Ndipo Marnie akatoka, amevaa gauni lake la njano, akamletea Hetty ncha ya mbele ya kamba, mahali pa rafiki wa karibu.

"Hasira ninayo bado," alisema. "Tena nyingi. Lakini vuta."

Hetty alivuta, nyuma yake Bwana Peake na mwanawe, na nyuma yao Clem akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Honi zililia mfereji mzima. Marnie, aliyesimama juu ya mashua, alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kwenye maji mapana walikula soseji na mayai. Bibi Nell, ambaye sasa aliweza kutoka, alimwita Hetty akae karibu na kiti chake.

"Bibi, nisamehe," Hetty alisema. "Niliharibu siku yenu."

"Kusahau kibao, mjukuu wangu, hata mimi nimesahau, tena zaidi ya mara moja. Hilo dawa yake ni kuvuka na kutazama kwa macho yako kabla ya kusema 'chini'. Lililoniuma ni lile la pili, la kumwacha mwingine abebe lawama." Bibi Nell alielekeza kidole kwa Bwana Peake, aliyekuwa akifundishwa na Clem kufunga fundo. "Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Leo tumeyazoa, tumeyaleta kutoka juu, na mashua zinaelea. Lakini yule angeondoka na aibu isiyo yake, na sisi hata anakoishi hatukujui. Tungemfuata kwa mfereji gani?"