Mtani wa Marehemu

"Usifungue jeneza la watu bila ushahidi, Swaumu. Ni amri."

Mkuu wake akakata simu.

Saa tatu asubuhi. Land Cruiser ilikuwa inakula vumbi la barabara ya Bukene. Mbele yake kulikuwa na pikapu yenye jeneza na waombolezaji wanne. Polisi wa kizuizi cha barabarani walikuwa wameivulia kofia, ikapita. Nani apekue maiti?

Kando ya Swaumu, kachero wa Idara ya Usalama, alikaa Jilala, pingu mikononi. Zamani alivusha silaha na Luhende. Luhende akamuuza kwa polisi, Jilala akafungwa miaka tisa; leo alitolewa gerezani amtambue.

"Luhende hajafa, dada! Yumo humo, na rimoti ya bomu anayo. Ametega treni ya abiria; ikisimamishwa, analipua. Mwanangu Julieth yumo! Anakuja kuniona. Nipe bastola nimmalize!"

"Tulia kwanza."

Jilala akalia, kamasi na machozi.

Swaumu akaipita pikapu, akafunga breki, akashuka na kujilaza katikati ya barabara.

"Haendi mtu! Mimi Mzaramo, mtani wenu! Huyu Mnyamwezi alikula kuku wangu, akarudia na mayai. Anitapikie kwanza ndiyo mzike!"

Tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, mtani akifanya hivyo Mnyamwezi hucheka na machozi yake, humrudishia tusi, humtupia chochote, njia ikafunguka. Bukene nzima inajua.

Wale wanne hawakucheka.

"Toka njiani, mwendawazimu!" Mmoja akachomoa bastola.

Haya! Mnyamwezi gani humkasirikia mtani msibani?

Glock ya Swaumu ikalia mara mbili. Mwenye bastola akaanguka. Watatu wakainua mikono.

Jilala alikwisharukia jeneza. Akang'oa kifuniko. Luhende alilala humo akitoka jasho, pamba puani, kidole gumba juu ya kitufe.

"Niue basi," akasema. "Nikiachia kidole, treni inalipuka."

Jilala akapeleka mikono kooni mwa Luhende. Kisha, kwa mikono yake yenye pingu, akakibana kile kidole juu ya kitufe.

"Miaka tisa nimeota kulishika koo lako," akasema kwa uchungu. "Mungu wangu, nimeishia kukushika mkono!"

Luhende akamng'ata, akampiga vichwa. Damu ikamtiririka Jilala. Hakuachia.

"Kipanga kwa Kituo," Swaumu alisema redioni. "Simamisheni treni. Shusheni watu wote."

"Bomu je?"

"Limeshikwa. Fanyeni haraka, mkono wa mtu huchoka."

Dakika arobaini zikapita. Mabega ya Jilala yalikuwa yamekufa ganzi.

"Kipanga, abiria wote wako chini. Bomu limeteguliwa."

Jilala hakuamini. Aliendelea kubana.

Baadaye msichana mwenye begi alikuja kutoka relini, akiongozwa na askari.

"Shikamoo, dada. Nimeambiwa baba yangu yuko hapa. Simkumbuki sura."

"Marahaba. Yule asiyetaka kuachia mkono."

Julieth akapiga magoti kando ya jeneza. "Baba. Nimefika. Achia sasa."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Swaumu akamfungua pingu, akazihamishia kwa Luhende, akaenda garini.

Simu ikaita.

"Ulifungua jeneza, Swaumu. Ushahidi ulikuwa upi?"

"Hawakucheka, mkuu."

Akawasha gari.