Treni Iliyotangulia

Haya yalimkuta mama yangu mdogo, fundi cherehani, na wala siongezi chumvi.

Siku hiyo mvua ilimfanya afunge duka mapema. Akafuatana na wifi yake, dada wa mumewe, hadi kile kituo kidogo cha treni kisicho na mfanyakazi hata mmoja. Dirisha la tiketi limezibwa kwa matofali. Tiketi unakatiwa humo humo ndani ya treni. Zamani za treni za makaa ya mawe, aliishi pale mkuu wa kituo na mkewe. Ikatokea siku mume akaruhusu treni iondoke, kumbe nyingine inakuja kwenye reli ile ile. Hakupona mtu. Tangu hapo kila aliyepelekwa kazini pale aliomba uhamisho, mpaka wakubwa wakachoka.

Wifi, mdomo haumtulii, alikuwa akilalamikia viatu vipya.

"Vimenikamata kama polisi, wifi yangu!"

Treni ikaja. Haikupiga honi.

"Afadhali, leo imewahi," wifi akasema, akapanda.

Mama mdogo akainua mguu. Akashikwa mkono kwa nyuma. Aliyemshika alikuwa mwanamke mzee, mkavu kabisa katika mvua ile.

"Siyo hii," alinong'ona.

Mama mdogo akachungulia ndani. Abiria walijaa. Wote wamegeukia upande wa pili. Na wifi naye ameshageuka.

"Wifi! Shuka!"

Mlango ukafungwa. Alipotazama nyuma, yule mzee hayupo.

Treni ya kawaida ilipofika, alimsimulia mkata tiketi. Mkata tiketi akaacha kukata tiketi.

"Mama, reli ni moja. Mbele yetu hakuna treni."

Alifika nyumbani analia, hajui amwambie nini mumewe. Alipomtaja wifi, mume akamshangaa.

"Unamlilia nani? Si huyo chumbani? Amefika kitambo."

Alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Nguo zake kavu.

"Wifi?"

"Mm."

Basi. Mpaka leo anakula, anafanya kazi, akiitwa anaitika. Lakini yale maneno yake mengi hayapo tena. Akilala, mwili unatikisika taratibu, kama wa mtu aliye safarini.

Nyumba ile wanapikia gesi. Hata hivyo kila asubuhi mto wake huwa na masizi ya makaa ya mawe. Mama mdogo huufua, huuanika juani, unakuwa mweupe.

Kukicha, mweusi tena.